Dushi ya Mwalimu

Bakijana, munakujaka kwangu na telefone mu mukono, munanionyesha picha ya karo, vigae ya chini na ya ukuta: karo nyeupe, karo ya maua, karo yenye inangaa sawa kioo. Munaniuliza, "Papa Ngoy, hii haiko muzuri?" Najibu ndiyo juu mutoke pa mulango yangu. Lakini karo haina kazi kubwa mu dushi, chumba ya kuoga. Karo ni nguo tu. Kitu yenye inafanya kazi iko chini yake, na mu miaka yote hakuna hata moja kati yenu mwenye alinionyesha picha ya ile kitu.

Leo nitasema, na sitasema vya kupendeza. Magoti yangu ilikufa. Vidole ya mukono ya kuume haijikunje tena, simenti iliikula, na ni muke yangu mwenye ananifungia vifungo ya shati asubuhi. Mutu mwenye alipanga karo tangu Pweto mpaka huku Nchelenge, na leo anafungiwa shati sawa mutoto, ile mutu hana sababu ya kubadanganya ninyi.

Kwanza mujue hii: karo haizuie mayi. Munafikiri inazuia sababu ni ngumu. Lakini kati ya karo na karo kuko ile mustari nyembamba ya simenti, na mayi inapita mule kila siku wakati mutu anaoga, kidogo kidogo, bila kelele. Huku kwetu nyumba mingi ni ya matofali mabichi, udongo tu wa kukaushwa na jua, halafu mwenyewe anapaka simenti inje juu nyumba ionekane ya mutu mwenye kazi. Tofali mbichi ikikunywa mayi inarudia udongo. Haikuambie. Inasimama miezi na plasta yake muzuri, na siku moja unaegemea, mukono inaingia.

Mi mwenyewe sikujua ile wakati nilianza. Ku Pweto nilifundishwa karo ya salo, chumba ya kukaa, karo ya mahali kavu. Nilivuka mupaka huku na vita nyuma yangu, truweli, mwiko ya fundi, mu mufuko, na kiburi mingi. Kazi ya kwanza nilipata ku Nchelenge ilikuwa dushi ya nyumba ya wageni karibu na ziwa. Nilitumia nivo, kipimo ya usawa, nikaweka chini yote sawa kabisa, mistari ya karo imenyooka, mama mwenye nyumba akapiga mikono. Mugeni ya kwanza alikuwa mufanyabiashara ya samaki mwenye alitoka Kasumbalesa. Alioga jioni, akalala, na asubuhi akakuta viatu yake inaelea pembeni ya kitanda. Chini ya dushi haipashwe kuwa sawa. Inapashwa kuinama kuelekea shimo ya mayi, upana ya kidole kwa kila urefu ya mukono, na kizingiti ya mulango ibaki juu kuliko yote. Batu ya soko baliniita Papa Viatu miaka mbili. Ninyi muchekeni tu, mi sikucheka.

Mwenye alinifundisha mayi hakukuwa fundi ya nyumba. Alikuwa Papa Mwewa, muzee ya kisiwa ya Chisenga, mutengenezaji ya mabwato. Nilivuka kwenda kule kununua samaki, bwato yetu ikaanza kuingiza mayi, tukaivuta ku muchanga, na yeye akakuja na chungu ya gudro, lami ya moto, na vipande ya nyavu ya zamani. Alikuwa anasukuma nyavu mu nafasi ya mbao na kisu butu, kisha anapaka gudro juu yake. Nikamuhadisia habari ya viatu. Alicheka mpaka akatua chungu chini.

"Ngoy," akaniambia, "mi nakataza mayi kuingia, we unakataza mayi kutoka. Tofauti iko wapi?"

"Bwato ni mbao, papa. Nyumba ni tofali."

"Mayi haiulize jina ya kitu."

Nilikwenda kwa siku mbili, nikakaa naye yenga mbili, juma mbili nzima, na samaki yangu ikaoza yote. Alinionyesha kama mbao haivuje katikati. Inavuja pa kona, pale vitu mbili inakutana, sababu kila moja inatembea kwake, jua ikiwaka inavimba, usiku inajikunja. Ukitia kitu ngumu pale, itapasuka. Unatia kitu yenye inakubali kuvutwa: kitambaa ndani ya gudro. Kisha alinionyesha jambo ya pili, na ile ni kubwa kuliko ya kwanza. Akimaliza bwato hakuisukuma mu ziwa. Aliijaza mayi ndani, pale pale ku muchanga kavu, akaenda kukula bukari, ugali yake. Akirudia, anazunguka bwato na kipande ya makala nyeusi ya kupikia, anaweka alama kila mahali mayi inatoka inje. Siku moja mwenye bwato alimupigia kelele juu soko itafungwa na yeye bado eko ku Chisenga. Papa Mwewa hakuinua hata kichwa. "Kelele yako nitaisikia leo tu," alimuambia. "Ukizama, kilio ya muke yako nitaisikia mpaka nikufe."

Bon, musikilize sasa namna inafanywa. Unabomoa plasta ya zamani yote, usipake kitu mupya juu ya kuoza. Kama ukuta ni tofali mbichi, unajenga mbele yake ukuta nyembamba ya tofali ya kuchomwa, juu mayi ikipotea njia ikute kitu yenye haiyeyuke. Chini unatia simenti na muchanga ya muto, ya kuinama vile nilisema, na unaacha ikauke. Kuacha njo kitu munachukia kuliko yote, naona ku macho yenu. Kisha unapaka ile ya kuzuia mayi. Zamani tulipaka gudro tu, na nyumba ilinuka mwezi muzima. Leo kuko rangi ya mpira, inakuja mu ndoo kutoka Mansa ao Lubumbashi, na inashinda gudro. Nakubali, mi siko ile muzee ya kusema kila kitu ya zamani ilikuwa bora. Pa kona yote, na kuzunguka shimo, unalaza kitambaa ndani ya ile rangi ikingali mbichi. Mi natumia chandarua ya zamani. Batu ya kliniki banakasirika wakati banaona chandarua inavua samaki; yangu iko chini ya karo, hakuna mwenye aliiona. Unapaka mara ya kwanza kwa kulala, unaacha, mara ya pili kwa kusimama, na unapandisha ku ukuta mpaka juu ya kichwa ya mwenye ataoga.

Kisha unaziba shimo na kitambaa na plastiki. Unajaza mayi vidole tatu. Unachora alama ku ukuta na kalamu, unafunga mulango, unaenda kwako. Kesho, saa ile ile, unakuja kuangalia. Kama mayi ilishuka chini ya alama, unaanza tena, hata ulie. Kama iko pa alama, unaweza kuleta karo. Ile siku moja ya kungojea njo kazi yenyewe. Na ile siku moja njo niliiruka mu nyumba ya Mwalimu.

Mwalimu jina yake ya nyumba ilikuwa Bashi Chola, baba ya Chola, sababu Babemba banamuita mutu mukubwa kwa jina ya mutoto yake. Muke yake njo Bana Chola. Alifundisha hesabu hapa miaka mingi. Wanaume nusu benye munaona ku bandari banapakia samaki, ni yeye alibafundisha kujumlisha. Alikuwa mutu ya shati nyeupe na soksi, hata mu joto ya mwezi ya kumi. Kisha siku moja alianguka mu kanisa, upande ya kuume ikakufa, ulimi ikakuwa nzito. Maneno moja mbili tu njo ilitoka, na kwa taabu. Akili ilibaki yote.

Dushi yabo ilikuwa inje, nyuma ya nyumba, matete ya kuzunguka na mawe chini. Bana Chola ni mama mudogo wa mwili. Aliuza samaki na Bakongomani maisha yake yote, na Swahili yake ni ile ya soko, ya haraka. Hakuweza kumubeba bwana yake. Mutoto beko naye moja tu, Chola, na yeye eko ku Kitwe na bwana yake, Kaluba, mwenye anatumika kule. Na mukwe, hapa, haone uchi ya baba ya muke yake. Hata goti. Hakuna mwenye aliandika ile fasi yoyote, mahali popote, ni haya tu, na mutu akiivunja hana uso ya kurudia mu ile nyumba. Donk, basi, Bana Chola alikuwa anaita majirani. Wanaume wawili banakuja, banamubeba mpaka ku matete, banamuvua, banamumwagia mayi. Na bale wanaume balikuwa banafunzi yake. Mwezi ya pili Mwalimu alikataa kuoga. Alifunga meno, akashika chuma ya kitanda na ule mukono moja ulibakia mwenye nguvu.

Bana Chola alikuja kwangu yeye mwenyewe. Nilimupatia kiti, hakukaa, lakini "ba tata" na "mukwai" ya heshima ya Babemba hakusahau.

"Ba tata Ngoy, mukwai, nataka dushi mu nyumba. Pembeni ya chumba yake. Nimukokote na kiti, nifunge mulango, mi na yeye. Batu basimuone tena."

"Itakuwa, mama."

"Usiniambie itakuwa. Niambie lini. Ananuka, na anajua kama ananuka."

Nilianza kesho yake. Chumba ya dushi ilikuwa nyembamba, ukuta yake tofali mbichi, kulikuwa nafasi ya kiti tu, na ile ukuta ya mbele ya tofali ya kuchomwa sikuijenga. Nilijiambia rangi ya mpira itatosha. Wakati ile Kaluba alikuwa amefika na likizo yake ya yenga moja. Hakukuwa mutu mubaya, na munisikie vizuri, ingekuwa rahisi kwangu kumutupia yeye makosa yote. Hakuweza kumuosha baba ya muke yake, hakuweza hata kusimama mu chumba wakati anavuliwa shati. Ile dushi njo ilikuwa mukono yake ya kumuosha. Alichota mayi, alichanganya simenti, alibeba mifuko ya simenti mpaka bega ikatoka ngozi.

Nilimuambia alete muchanga ya muto. Muto ni mbali. Alileta ya ziwa, na alichukua pale muchanga ni nyeupe na laini kuliko fasi yote, pale bamama banaanika chisense. Yule samaki ni mudogo sawa kucha, banamumwaga juu ya muchanga kila asubuhi, anakaukia pale, na mafuta yake inashuka chini, mwaka kwa mwaka. Simenti haishike mu mafuta. Rangi ya mpira haishike juu ya simenti yenye haikushika. Fundi ya kutoka mahali ingine angesikia harufu mara moja na angerudisha ile mukokoteni ya muchanga. Mi nilikaa Nchelenge wakati murefu sana. Hapa shati inanuka chisense, mukate inanuka chisense, Biblia inanuka chisense. Nilikamata ile muchanga mu mukono, nikaipeleka ku pua, na nikasikia harufu ya kila siku. Nikaichanganya.

Siku ya tano nilimaliza kupaka. Niliziba shimo. Ndoo ya mayi ilikuwa mu mukono yangu, imejaa, wakati Kaluba alisimama pa mulango.

"Papa, ile mayi ni ya nini?"

"Ya kupima. Mpaka kesho."

"Kesho ni siku ya posho, Jumamosi. Siku ya Mungu asubuhi narudia Kitwe. Karo utapanga lini?"

"Ukisha kwenda."

"Nataka nimuache muzee ameoga, papa. Nisikie na masikio yangu." Akaangalia ndoo, akaniangalia mi. "We ni fundi, hapana? Fundi anapima kazi yake sawa mwanafunzi?"

Nikatua ndoo. Vwala, ni pale njo kazi yangu yote ilivunjika, pa kutua ile ndoo. Haikuwa muchanga. Muchanga ingejulikana kesho yake: mayi ingeshuka chini ya alama, ningetukana, ningebomoa simenti, na tungepoteza yenga moja. Lakini nilikuwa mutu ya nywele nyeupe, na kijana akaniuliza kama niko fundi, na nikataka kumuonyesha. Papa Mwewa alikuwa amesha kufa. Kama angekuwa hai, nafikiri ningeogopa uso yake.

Nilipanga karo ile siku na nusu ya kesho yake. Siku ya posho jioni Bana Chola akamuingiza Mwalimu na kiti, akafunga mulango. Mi na Kaluba tulibaki mu salo. Tulisikia mayi inaanguka. Kisha tukasikia Mwalimu, ile sauti nzito, bila maneno, anafuata wimbo ya kanisa. Kaluba aligeukia ukuta na akalia. Na mi nilijivuna. Nilikaa mu kiti ya Mwalimu, miguu imenyooka, na nilijivuna. Ile njo inaniuma leo kuliko muchanga na kuliko ndoo.

Ilikaa miezi tatu. Bana Chola alinikuta ku soko, akasema karo moja inacheza chini ya kiti. Nilikwenda, nikagonga na kidole. Karo yenye imeshika inajibu ngumu; ile ilijibu sawa debe tupu. Niligonga ya pembeni, na ya pembeni yake, zote debe. Nilipaswa kubomoa pale pale. Nikamuambia mama kama nitakuja yenga yenye inakuja, sababu nilikuwa na kazi ya mutu mukubwa ku Kashikishi. Mbele ya yenga kuisha, ukuta kati ya dushi na chumba ya kulala ulishuka asubuhi moja, ukaangukia miguu ya kitanda. Mwalimu alikuwa inje mu kiti, anaota jua. Mungu ndiye alimutoa mu kitanda, haikuwa mimi, lakini kishindo ilimuangusha kutoka mu kiti, na mashuka yake, mu udongo.

Nilifika mbio. Sikupita pa mulango ya mbele, nilizunguka nyuma. Nikabakuta mu njia ya matete. Wanaume wawili bamemubeba, mashuka imechafuka udongo, mwili yake yote udongo, na Bana Chola anatembea pembeni ameshika kitenge juu kumufunika. Upepo ya ziwa ilikuwa inakamata ile kitenge na kuiinua, na mama anaishusha, na inainuka tena. Batoto ya jirani balikuwa juu ya ukuta banaangalia.

Mwalimu aliniona. Akafanya alama na mukono, bale wanaume bakasimama. Alitafuta maneno murefu, mate inatoka pa mudomo, na sisi wote tukangojea.

"Hau," akasema. "Hau-ku-pima."

Kitanda yake ilikuwa pembeni ya ile ukuta, munaelewa. Ile siku ya ndoo alikuwa amelala pale. Alisikia yote, mi na Kaluba, neno kwa neno, na alijua jibu, na ulimi yake haikuweza kutukataza.

Nilibomoa yote. Sikuuliza mutu kitu. Muchanga nilikwenda kutafuta mwenyewe na kinga, baskeli, ku muto ya upande ya Kafutuma, mufuko kwa mufuko, na magoti ilikuwa imesha kuanza kufa. Nilijenga ukuta ya tofali ya kuchomwa. Nilipanua mulango juu kiti ipite. Niliacha simenti ikauke siku zake zote. Kila siku Bana Chola alisimama nyuma yangu.

"Imebaki nini, ba tata?"

"Ikauke, mama."

"Kila siku ikauke."

Sababu Mwalimu alikuwa amekataa tena kuoga, na safari hii hata muke yake hakumugusa. Mugongo ikatoka vidonda ya kulala. Muuguzi alikuja, akasema bamuoshe, bamugeuze. Alifunga meno. Ku matete hakutaka kurudia hata amekufa. Nilisikia harufu yake kutoka mule nilikuwa napaka rangi, na safari hii pua yangu ilifanya kazi.

Ile siku nilijaza mayi, ilikuwa asubuhi. Vidole tatu, alama ku ukuta. Nilikuwa nafunga mulango wakati Bana Chola alikuja mbio, amebeba taulo na sabuni.

"Ameitika," akaniambia. "Ameitika, ba tata. Nimemuuliza na amefungua meno. Anasema leo."

"Mama, mule kuko mayi ya kupima."

"Si ni mayi? Nimukalishe mule mule. Nimuoshe."

"Nikitia mutu leo, sitajua kama inavuja. Kesho asubuhi. Kesho, mama, mi mwenyewe nitamusukuma kiti."

"Anasema leo."

"Nilikosa mara moja juu ya haraka. Sitakosa mara ya pili."

Aliniangalia. Sijui aliona nini. Akashukuru kwa luga yake, "Natotela, mukwai," kwa sauti ya chini, akakunja taulo yake, akaenda. Ningeweza kufungua shimo, bakijana. Ningeweza kuacha amuoshe juu ya ile mpira nyeusi, halafu kesho nijaze mayi tena na nipime siku ingine. Ile siku moja ingepotea, na nini ingekufa? Munapenda kuniuliza sheria ya kazi. Sheria nilikuwa nayo yote. Nilisimama pa ile mulango na sheria yangu sawa askari.

Mwalimu alikufa mbele ya jua kutoka.

Mi sikujua. Nilifika na kalamu mu mufuko, nikakuta bamama bamekaa chini, viatu inje ya mulango, kilio imesha kuanza. Nitasema ukweli hata ni mubaya: mbele ya kusalimia bafiwa, nilipita, nikafungua dushi, nikainama kuangalia alama. Mayi ilikuwa pale pale. Haikushuka hata upana ya unywele.

Bazee ya kanisa baliniuliza kama banaweza kumuoshea mule. Nilipiga magoti, nikatoa kitambaa mu shimo, mayi ikaenda yote. Bakamulaza juu ya ile nyeusi, bila karo, bakafunga mulango. Bakamuosha murefu. Nilikaa inje ya ile mulango, kwa ukuta, pale kitanda yake ilikuwa, na mukono juu ya plasta, na plasta ilibaki kavu.

Karo nilipanga nyuma ya matanga kuisha, nyeupe, vile mama alichagua. Kaluba alituma rangi ya mulango. Kisha sikupita tena kule, nilipitia njia ya chini, hata ni murefu.

Mwaka huu, wakati ya mvua, Bana Chola aliniona ku bandari, akanishika mukono, akasema nikuje nione. Nilifikiri inavuja. Nilikwenda naye. Akafungua mulango ya dushi. Kulikuwa mifuko ya unga mpaka karibu na paa, na juu yake magunia ya chisense kavu, na ndoo ya chumvi ilikuwa pa shimo ya mayi.

"Hakuna mwenye ataoga mule, ba tata," akaniambia. "Nyuma ya kumuoshea pale amekufa? Wajukuu bakikuja banaogopa hata mulango. Mi mwenyewe naenda ku matete." Akapiga mufuko moja na mukono, vumbi nyeupe ikatoka. "Lakini mvua inapiga nyumba yote, mu chumba, mu salo, na mule haiingii baridi ya mayi. Unga haijaoza hata mara moja. Ulifanya kazi muzuri, mukwai."